Kabla ya kuchagua leseni, angalia msimbo uliochukua kwa wengine

Wanaprogramu wengi huiacha leseni, yaani masharti ya kutumia na kusambaza programu, iwe kazi ya mwisho. Sisi tunaoshughulikia leseni tunawasihi waanze nayo, kwa sababu mara nyingi maktaba (vipande vya msimbo vilivyo tayari) ulizochota kwa wengine zimeshakuamulia nusu ya jambo.

Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni si mali ya kila mtu. Hakimiliki bado ni ya aliyeuandika, na kuuona hakukupi ruhusa ya kuusambaza.

Leseni za MIT na BSD hazidai mengi: tunza tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni, basi, hata ukitaka kuuza programu iliyofungwa, isiyotoa msimbo wake. Apache 2.0 ya mwaka 2004 inaongeza ruhusa ya wazi ya hataza, yaani haki za uvumbuzi. GPL ndiyo yenye sharti zito: ukisambaza programu iliyojengwa juu ya msimbo wake, programu yote itoke chini ya GPL na wanaoipokea wapate msimbo. Ukiitumia ndani ya ofisi tu bila kuisambaza, sharti hilo halikugusi. AGPL inakwenda mbali zaidi: ukiurekebisha msimbo wake na watu wakautumia kupitia mtandao, nao wana haki ya kuupata.

Linalowakwaza wengi ni kwamba upatanifu wa leseni, yaani kuweza kuchanganya msimbo wa leseni mbili katika mradi mmoja, huenda upande mmoja. Msimbo wa MIT unaingia kwenye mradi wa GPL bila shida, lakini ukiingiza wa GPL kwenye mradi wa MIT, huwezi tena kuusambaza mradi mzima kwa masharti ya MIT peke yake. Nambari ya toleo nayo ina uzito wake. Kwa mujibu wa Free Software Foundation, shirika linalotoa GPL, Apache 2.0 inapatana na GPL toleo la 3 (2007) ila haipatani na toleo la 2 (1991), kwa kuwa masharti yake ya hataza hayamo katika toleo hilo, nalo haliruhusu kuongezewa masharti. Kwa hiyo soma maneno yaliyo juu ya kila faili. Pakiandikwa “toleo la 2 au lolote la baadaye”, chagua la 3 uendelee. Pakiandikwa “toleo la 2 pekee”, kama ilivyo kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux, huna njia hiyo. Ndiyo maana mfumo wa mafaili wa ZFS, ulio chini ya CDDL, haumo ndani ya kerneli hiyo: CDDL ni leseni huria kamili, lakini haipatani na GPL toleo la 2.

Kubadili leseni baadaye ni kazi ngumu, maana kila mchangiaji ana hakimiliki ya alichoandika. OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao, ililazimika kuwatafuta wachangiaji wake mmoja mmoja kuomba ridhaa, na toleo lake la 3.0 likatoka chini ya Apache 2.0 mwaka 2021.

Kwa maktaba ndogo unayotaka itumike kila mahali, mimi ningechagua Apache 2.0. Kama shabaha yako ni kwamba maboresho yasifungiwe, chukua GPL toleo la 3, na uandike “au lolote la baadaye”.