Difu ya Positraction haifungi magurudumu
Wengi huamini kuwa difu (gia zinazogawia magurudumu mawili nguvu ya injini) ya kupunguza mtelezo, kama Positraction ya Chevrolet za miaka ya 1960, hulazimisha magurudumu ya nyuma kuzunguka sawasawa daima. Sivyo, hiyo ni kazi ya difuloki. Ndani ya Positraction mna vibamba vya klachi vinavyobanwa na springi, na gia zikipokea nguvu ya injini huvikaza zaidi. Kwenye kona vibamba huteleza, gari likapinda bila taabu. Gurudumu moja likining'inia hewani, gia hazina cha kusukumia. Hubaki mkazo wa springi tu, ambao kwa gari kuukuu mara nyingi umeshalegea. Hapo kuvuta hendibreki kidogo, ili gia zipate cha kusukumia, huweza kusaidia kuliko kukanyaga mafuta. Oili nayo iwe ya klachi hizo. Ya kawaida huweza kuzifanya zigune konani.