Si lazima uwe umeacha pombe ndipo uende mkutanoni

Hapa Mombasa, ukitaja mikutano ya Alcoholics Anonymous (AA), yaani vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, utamsikia mtu akisema, "Huko kwenye mikutano nitaenda nikishaacha mnazi kabisa." Wengine huamini kuna ada, au barua ya daktari. Hakuna. AA, iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ina sharti moja tu la uanachama: nia ya kuacha kunywa. Aliyelewa jana anakaribishwa. Jina la ukoo halitakiwi, na mchango ukipitishwa, mgeni halazimiki kutoa.

Ipo mikutano ya wazi, ambayo hata mke au ndugu aweza kuketi, na ipo ya wenye tatizo peke yao. Ulizia kabla ya kwenda, hasa kama waogopa kukutana na jirani yako wa Kisauni (ingawa naye atakuwa kaja kwa lilo hilo). Hujui pa kuanzia? Piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize kikundi kilicho karibu.

Ila mkutano si tiba ya mwili. Anayekunywa sana kila siku akikata ghafla aweza kupata degedege. Amwone daktari kabla ya kukata.