Buruji: sauti tano zilizoendesha siku ya askari

Wengi wetu tunaijua buruji msibani. Viongozi wamesimama kimya, mashada ya maua yamekwisha kuwekwa, na askari mmoja anapeleka mdomoni ala fupi ya shaba na kupiga Last Post. Ndivyo inavyokuwa Siku ya Mashujaa, Julai 25, hapa Tanzania, na ndivyo inavyokuwa Kenya mwanajeshi anapozikwa kwa heshima za kijeshi. Kwa hiyo nikimwambia mtu kwamba nafundisha buruji, kinachomjia akilini ni kaburi.

Mimi ni mwalimu wa ala za kupuliza, na buruji ndiyo niipendayo kuliko zote. Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba Last Post haikutungwa kwa ajili ya marehemu. Ilikuwa tangazo la kila usiku kambini, la kawaida kabisa, mojawapo ya miito mingi iliyomwamsha askari, ikamlisha, ikampeleka kwa daktari na kumlaza. Asiyeijua siku hiyo nzima anaisikia nusu tu ya kile kinachopigwa kaburini.

Tuanze na ala yenyewe. Buruji haina vibonyezo kama tarumbeta. Ni bomba moja lililokunjwa ili libebeke, jembamba upande wa mdomo na pana upande wa pili, na urefu wake haubadiliki. Mpigaji ana midomo na pumzi tu. Bomba la namna hiyo hukubali kutetema kwa masafa machache yanayofuatana kwa hesabu kamili: mara mbili ya sauti ya msingi, mara tatu, mara nne, mara tano, mara sita. Kwa solfa hizo ni do, so, do ya juu, mi, so ya juu. Basi. Hakuna re, hakuna fa, hakuna la. Sauti ya msingi yenyewe ni ngumu kuitoa vizuri, na ya saba hutoka chini kidogo ya pale sikio linapoitarajia, kwa hiyo miito mingi huishia kwenye hizo tano.

Umaskini huo ndio uliomfaa askari. Kwa kuwa sauti ni chache, kinachotofautisha wito mmoja na mwingine ni mwendo wake: wapi unapanda, wapi unashuka, wapi unakimbia, wapi unasimama. Mtu aliye usingizini, au aliye mbali upepo ukivuma, hahitaji kusikia kila noti. Akipata umbo la wito ametambua. Na askari walizidi kujisaidia kwa kuitilia miito maneno. Waingereza waliimba wito wa chakula kwa maneno ya kuitana mlangoni kwa mpishi. Wamarekani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliutilia wito wa wagonjwa maneno ya kwenda kuchukua kwinini, na msomaji yeyote aliyewahi kumeza kwinini anaweza kukisia waliimba kwa sura gani. Wito uliotiwa maneno hausahauliki.

Kabla ya buruji, amri za askari wa miguu zilikwenda kwa ngoma. Ngoma inafaa pale watu wanapotembea bega kwa bega. Lakini karne ya 18 ilileta vikosi vyepesi vilivyotawanyika msituni na vichakani, na huko ngoma ni mzigo, tena ngozi yake ikilowa mvua inalegea. Majeshi yakaazima pembe ya wawindaji. Mwaka 1758 vikosi vya Hanover, Ujerumani, vilikuwa na wapiga pembe waliobeba ala yenye umbo la nusu mwezi, ikining'inia kwa ukanda begani. Waingereza wakaifuata miaka michache baadaye. Wapanda farasi walibaki na tarumbeta yao, na hadi leo jeshi la Uingereza linatofautisha hizo mbili.

Sasa siku yenyewe, katika kambi ya Kiingereza ya zamani. Alfajiri unapigwa Reveille, wito wa kufumbua macho. Unafuata Rouse, wa kutoka kitandani, na hapo hakuna tena kujigeuza. Halafu chakula, wagonjwa wajipange, gwaride, maafisa waje kupokea amri. Uko hata wito wa walioadhibiwa, ambao walitakiwa kukimbilia kituo cha walinzi kila ulipopigwa, wakati wenzao wanapumzika. Jua likizama unapigwa Retreat, bendera inashuka. Aliyepitia JKT akaamshwa kwa firimbi kwenda mchakamchaka anaelewa mara moja siku ya namna hiyo ikoje, ila hapa kila saa ilikuwa na sauti yake, na mtu alijua anatakiwa wapi bila afande kufungua kinywa.

Kambi yenye vikosi vingi ilikuwa na tatizo: wito umepigwa, unamhusu nani? Ndiyo maana kila rejimenti ilikuwa na kipande chake kifupi cha utambulisho kilichopigwa kwanza, kisha amri yenyewe. Jenerali Daniel Butterfield wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliitungia brigedi yake kipande kama hicho, na askari wake wakakiimbia jina lake: "Dan, Dan, Dan, Butterfield, Butterfield". Nitamrudia.

Usiku ndipo penye kiini cha hoja yangu. Afisa wa zamu alikuwa akizunguka malindo yote kuhakikisha kila mlinzi yuko mahali pake. Mzunguko ulipoanza ulipigwa First Post. Alipofika lindo la mwisho na kukuta yote salama, ikapigwa Last Post. Maana yake ilikuwa moja tu: malindo yamekaguliwa, kambi iko salama, aliye nje arudi, siku imekwisha. Baadaye ukaja wito wa kuzima taa. Askari alisikia hayo usiku baada ya usiku kwa miaka yake yote ya utumishi. Alipokufa, wenzake wakampigia kile alichokuwa akikisikia kabla ya kulala. Hawakuhitaji kutunga maombolezo.

Na ndiyo maana kwenye kumbukumbu, baada ya Last Post na ukimya, hufuata wito wa kuamka. Watu wengi huuita Reveille. Kwa desturi ya Jumuiya ya Madola, mara nyingi unaopigwa ni Rouse, ule mfupi wa kutoka kitandani. Reveille huwekwa kwa ibada za alfajiri. Ni tofauti ndogo lakini mimi naishikilia, kwa sababu mpangaji wa shughuli akishajua kipi ni kipi, anajua pia anamwambia nini marehemu.

Wamarekani walifika palepale kwa njia yao. Julai 1862, Harrison's Landing katika jimbo la Virginia, Butterfield hakuridhika na wito wa kuzima taa uliokuwapo. Alimwita mpiga buruji wake, Oliver Willcox Norton, wakarekebisha pamoja wito wa zamani hadi ukawa huu tunaouita Taps. Una noti 24 kwa sauti nne tu. Wapigaji wa brigedi za jirani waliusikia usiku huo, wakaja kuomba nakala. Muda si mrefu Kapteni John Tidball alikuwa na askari wa kuzika karibu na adui. Desturi ilikuwa kufyatua risasi mara tatu juu ya kaburi, lakini milio ingeweza kudhaniwa ni shambulio. Akaamuru ipigwe Taps. Wito wa kulala ukaingia makaburini hivyo, kwa tahadhari ya afisa mmoja.

Inazunguka mitandaoni hadithi nyingine, ya kapteni aitwaye Ellicombe aliyemkuta mwanawe amekufa upande wa adui na karatasi yenye noti za Taps mfukoni mwake. Inaliza watu, lakini si kweli, na hakuna kumbukumbu ya kapteni huyo jeshini. Naomba tusiendelee kuisambaza, kwa sababu kisa halisi kina watu halisi wanaostahili kutajwa.

Novemba 25, 1963, alipozikwa Rais John F. Kennedy, Sajenti Keith Clark alipiga Taps baada ya kusimama muda mrefu kwenye baridi, na noti ya sita ikavunjika. Dunia ilisikia kama kwikwi ya kilio. Mimi nasikia pia ala: ile mi iko jirani sana na sauti zilizo juu na chini yake, midomo imekufa ganzi, na hakuna kibonyezo cha kumsaidia mtu.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Korea. Wanajeshi wa China walioingia vita hiyo mwaka 1950 walikuwa na redio chache ngazi za chini, hivyo waliongoza mashambulizi ya usiku kwa buruji na firimbi, na sauti hizo gizani ziliwatia hofu wapinzani wao. Aprili 1951 kikosi cha Gloucestershire cha Uingereza kilizingirwa kilimani karibu na mto Imjin. Buruji za Wachina zilikuwa zikilia pande zote. Afisa wa kikosi, Anthony Farrar-Hockley, akamwagiza Philip Buss, mkuu wa wapiga ngoma, awajibu. Buss akasimama na kupiga Reveille, wito wa chakula, wito wa walioadhibiwa, hata ule wa kuwaita maafisa wavae kwa chakula cha jioni. Alipiga karibu kila wito aliokuwa nao isipokuwa Retreat, jina ambalo kwa Kiingereza lina pia maana ya kurudi nyuma. Alfajiri ile, watu wenye njaa na risasi za kuhesabu, ambao wengi wao wangetekwa muda mfupi baadaye, walisikia siku nzima ya kambi yao ikipita juu ya kilima. Buruji za upande wa pili zikanyamaza.

Kwetu miito hii iliingia na majeshi ya wakoloni. Schutztruppe ya Wajerumani ilikuwa na vijana Waafrika waliofundishwa kupiga, na King's African Rifles, iliyoundwa mwaka 1902, ilikuja na miito ya Kiingereza ambayo majeshi yetu yaliirithi. Nje ya kambi, vijana wa pwani walichukua shaba, sare na vyeo wakaunda beni, ngoma ya kuiga gwaride, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikashindana mitaani. Beni inahitaji makala yake peke yake.

Vitani redio imeimaliza kazi ya buruji. Katika kambi za Marekani miito ya siku hutoka kwenye vipaza sauti, ingawa Retreat ikilia jioni watu bado husimama na magari hutulia. Tangu 2003 wana hata kifaa cha kielektroniki kinachochomekwa ndani ya buruji. Askari anaishika mdomoni na rekodi inapiga Taps yenyewe, kwa sababu wapigaji hawatoshi. Naelewa shida yao, lakini nikiwa na uwezo wa kuchagua, nachagua mtu anayeweza kukosea. Kule Ieper, Ubelgiji, chini ya lango la Menin lenye majina zaidi ya 54,000 ya askari waliopotea katika Vita Kuu ya Kwanza, Last Post hupigwa na watu kila siku saa mbili usiku tangu 1929. Ilikatizwa na uvamizi wa Wajerumani tu, katika Vita Kuu ya Pili, na miaka hiyo ikapigwa Uingereza.

Vijana wa bendi za shule na makanisa huniomba niwafundishe Last Post kwanza. Nakataa. Naanza na wito wa chakula, ambao ni mchangamfu na unalegeza midomo, kisha Rouse, kisha miito ya gwaride. Last Post, pamoja na so yake ya juu inayotakiwa kushikwa bila kutetereka, inakuja mwanafunzi akishaweza kupiga siku nzima ya kambi kwa mpangilio wake, kuanzia alfajiri.