Bangi, sheria na kijana anayeongea peke yake: maswali ya kwenye benchi la kliniki

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa, kaskazini mwa Tanzania. Mjadala wa kuhalalisha bangi ukipamba moto huwa naujua hata kabla sijashika simu, maana wagonjwa na ndugu zao wanakuja nao mpaka kwenye benchi la kusubiria. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa. Mengi nitayajibu haraka. Moja nitalirudia mpaka mnichoke.

Bangi na hempu ni kitu kimoja?

Mmea ni uleule, tofauti iko kwenye THC, yaani ile kemikali inayolevya. Hempu ni aina inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, mbegu na mafuta, na THC yake ni kidogo mno: sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inataka isizidi asilimia 0.3. Inatoa kamba, nguo na karatasi. Ile inayovutwa, iwe mnaiita msuba, ndumu au mjani, ina THC mara nyingi zaidi ya hapo, na ile aina iitwayo skanka ni kali zaidi. Anayekwambia "mbona Wamarekani wanalima hempu" huku kashika msokoto, mwulize lini mtu alilewa kwa kuvuta kamba.

Mbona wenzetu wameruhusu? Si wamegundua haina madhara?

Hapana. Soma walichoruhusu. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba mwaka 2018 iliruhusu mtu mzima kutumia faraghani, haikufungua duka. Lesotho mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 walifungua milango ya kilimo kwa ajili ya dawa na viwanda. Kanada ilihalalisha Oktoba 2018, lakini jimbo la Quebec halimuuzii aliye chini ya miaka 21. Ujerumani iliruhusu Aprili 2024, na kwa wanachama wa vilabu vya bangi walio kati ya miaka 18 na 21 ikaweka kikomo: THC isizidi asilimia 10. Thailand ililegeza mwaka 2022, na mwaka 2025 ikarudi kudai cheti cha daktari.

Umeona hapo? Hata walioruhusu wanauogopea ubongo wa kijana. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Wagonjwa ninaowapokea mimi wengi walianza wakiwa sekondari, wengine darasa la saba.

Na kwetu?

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza na kutumia. Bungeni Dodoma mwaka 2019, aliyekuwa mbunge wa Kahama Mjini, Jumanne Kishimba, aliitaka serikali iiangalie bangi kama zao la dawa. Jirani zetu Kenya, George Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 akiahidi kwamba bangi italipa deni la taifa. Hakufikisha asilimia moja ya kura. Hoja za fedha nawaachia wachumi. Hoja ya kutowafunga jela wavutaji naielewa kabisa, sijawahi kuona kijana aliyepona akili kwa kufungwa. Ila naomba mjadala huo uishie getini. Ndani ya geti nina kijana ambaye hajalala siku tano, naye sheria ikipita au isipite, hajalala.

Lakini si ni dawa?

Ipo dawa iliyotokana na mmea huu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji yenye CBD, kemikali nyingine ya mmea huu ambayo hailevyi, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Imesafishwa, imepimwa, inanywewa kwa mililita. Moshi haumo. Mama anayemchemshia majani mtoto mwenye kifafa anampa THC asiyoijua kiasi chake, na mara nyingi amemwachisha fenobabito aliyopewa zahanati. Mama, usifanye hivyo. Mrudishie vidonge vyake.

Kila anayevuta anakuwa kichaa?

Hapana, na anayewatisha vijana hivyo anajiharibia, kwa sababu wao wana rafiki kumi wanaovuta na wanatembea barabarani vizuri tu. Walio hatarini zaidi ni aliyeanza mdogo, anayevuta kila siku, anayetumia kali, na ambaye kwao kuna historia ya ugonjwa wa akili. Huyo wa mwisho asiiguse kabisa.

Nitajuaje imeanza kumharibu mwanangu?

Halali usiku. Anaongea na mtu usiyemwona, au anacheka peke yake. Anasema redio inamtaja, majirani wanamfuatilia, chakula kimetiwa sumu. Ameacha kuoga. Anafunika dirisha kwa shuka mchana. Moja tu kati ya hayo ya kusikia na kuona yasiyokuwepo linatosha. Usisubiri yatimie yote kama unakusanya mahari.

Si ni moshi tu? Akiacha utamtoka kichwani mwenyewe.

Hili ndilo swali nililosema nitalirudia. Ulevi wa bangi ya kuvuta huisha kwa saa chache. Kama amelala, ameamka, na bado anasikia sauti, huo si ulevi tena, ni ugonjwa. Mpeleke hospitali. Siku hiyo hiyo.

Mwaka jana nikiwa zamu ya usiku, mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka ishirini na kitu, dereva wa bodaboda. Walikuja na kaka zake watatu kwenye Noah. Nilipomkunja mikono ya shati nimpime presha, nikakuta kamba ya manila imekata ngozi kwenye vifundo vya mikono, jeraha limeoza, linanuka. Kifuani ana chale mbichi zilizopakwa kitu cheusi. Alikuwa na joto la 39. Nikamwuliza mama, tangu lini? Akaanza kuhesabu kwa vidole: wiki mbili walisubiri moshi umtoke, wiki tatu kwa mganga, wiki mbili kwenye maombezi. Wiki saba. Usiku ule tulianza kutibu jeraha na homa, maana ndiyo iliyokuwa karibu kumuua. Sauti alizokuwa anasikia zikasubiri zamu yake.

Kadiri ugonjwa huu unavyokaa bila dawa, ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kutibu. Wiki saba si kitu kidogo.

Tumeambiwa amerogwa na wenzake wa kijiweni.

Hospitali. Siku hiyo hiyo.

Babu yake alimwona, akasema ni jini la ukoo.

Shikamoo babu. Hospitali, siku hiyo hiyo. Sikuzuii kuomba; omba ukiwa kwenye benchi letu, tunao wengi wanaoomba pale, Waislamu kwa Wakristo. Ninachokataa ni kungoja. Na kuna jambo ambalo mganga hawezi kulijua kwa kutazama: kuchanganyikiwa ghafla kunaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka. Anavuta bangi, sawa, lakini mbu haulizi mtu kama anavuta. Tunapima damu kwanza.

Ana fujo. Tumfunge kamba mpaka kesho?

Msimfunge. Wanaume wawili au watatu anaowaheshimu wakae naye, ondoeni panga na jembe chumbani, zimeni redio, msibishane naye kuhusu sauti anazosikia. Kisha tafuteni gari. Kesho ni mbali.

Mtamwita polisi?

Sisi kazi yetu ni kutibu. Tunauliza anavuta nini, kiasi gani, tangu lini na kama anachanganya na gongo au vidonge, ili tusimpe dawa itakayomdhuru. Ukinificha unamficha mwanao. Kipimo cha mkojo kwa mvutaji wa kila siku kinaweza kuonyesha bangi hata wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo hata uongo wenyewe haufiki mbali.

Dawa zenu zinawafanya wawe mazezeta. Jirani yetu shingo ilipinda.

Kweli inatokea, hasa siku za mwanzo. Shingo inapinda, ulimi unakuwa mzito, macho yanaganda juu. Inatisha, lakini kuna dawa ya kuiondoa, na mara nyingi ndani ya saa moja mtu amenyooka. Rudi tuibadilishe au tupunguze kipimo. Wanachofanya wengi ni kutupa vidonge chooni, kijana anakaa nyumbani wiki tatu vizuri, wanamwambia muuguzi alikuwa mwongo, halafu wiki ya nne wanamkuta kituo cha daladala akihubiri bila nguo. Na zikibaki nyumbani bila kumezwa, hazimsaidii mtu.

Akipona anaweza kuvuta kidogo kidogo?

Hapana. Hata Jumamosi, hata msokoto mmoja wa harusi.

Na zile biskuti za bangi?

Zinachelewa kufanya kazi, nusu saa mpaka saa mbili, kwa hiyo mtu anaona hazifanyi kitu anaongeza, kisha zote zinampanda pamoja. Mtoto mdogo akila, anaweza kulala usingizi usioamshika. Mtoto wa hivyo usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mbebe, njoo.

Anakataa kabisa kupanda gari.

Usimwambie ana kichaa. Mwambie twende wakakuangalie usingizi, kwa sababu hata yeye anajua halali, na wengi wanakubali kwa hilo. Mtumie mtu anayempenda. Mara nyingi ni shangazi au mjomba, si baba aliyempiga jana. Ikishindikana, mmoja wenu aje hospitali kwanza atueleze, tutapanga naye. Njoo na kila kitu alichokwishapewa, vidonge, mizizi, maji ya chupa, mafuta, vyote kwenye mfuko mmoja, nivione mezani. Nitajitahidi nisikugombeze.