Kijana Asiyelala Vya Kutosha na Sukari Mwilini: Dhana na Ukweli

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayekesha akijisomea huku miguu ameitia kwenye beseni la maji baridi husifiwa kwa bidii, ilhali mdogo wake asiyeamka Jumamosi mpaka saa 4 asubuhi huitwa mvivu. Sifa hiyo na lawama hiyo hazilingani na namna mwili wa kijana unavyofanya kazi.

Wengi huamini kwamba kijana huchelewa kulala kwa ukaidi au kwa sababu ya simu. Simu ina lawama yake, lakini wakati wa balehe melatonini, yaani homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutolewa kwa kuchelewa kuliko utotoni, wakati mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 bado anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Anayepata usingizi saa 5 usiku na kuamshwa saa 10 na nusu alfajiri ili awahi daladala hana namna ya kufikia kiwango hicho. Jimbo la California, Marekani, lilikwenda mpaka kutunga sheria, iliyoanza kutumika Julai 2022, kwamba masomo ya sekondari za juu yasianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi.

Dhana iliyo nzito zaidi ni kwamba kukosa usingizi huchosha akili tu. Mwaka 1999 Karine Spiegel, Eve Van Cauter na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti wa wanaume vijana 11 wenye afya njema, waliowekewa muda wa saa 4 tu za kulala kila usiku kwa siku 6 mfululizo, na uwezo wa miili yao kuiondoa sukari kwenye damu ukashuka waziwazi. Utafiti wao wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba homoni ya shibe, leptini, hupungua na ile ya njaa, grelini, huongezeka, na hamu huelekea zaidi kwenye vyakula vya wanga na vitamu. Chipsi na soda za usiku hazitokani na ulafi peke yake. Hao walikuwa watu wazima, si wanafunzi, na majaribio ya siku chache hayatabiri nani atapata kisukari. Hata hivyo, balehe yenyewe hupunguza kwa muda nguvu ya insulini, yaani homoni inayosaidia kuiondoa sukari kwenye damu, kwa hiyo kijana huanza na akiba ndogo ya uwezo huo.

Wembamba nao si kinga kamili, kwani washiriki wa 1999 hawakuwa wanene.

Ama kufidia usingizi Jumamosi, kijana aliyechoka na alale bila kutukanwa. Lakini katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder uliochapishwa mwaka 2019, waliofidia mwishoni mwa wiki kisha wakarudia kulala kidogo waliendelea kuwa na insulini isiyofanya kazi vizuri, na vitafunio vya baada ya chakula cha usiku vikarejea.