Si kila msimbo wa ugonjwa wa mapafu huanza na J
Wengi hudhani tatizo lolote la kifua lazima lipewe msimbo wa J. Sivyo. Katika ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani inayoupa kila ugonjwa msimbo wa herufi na namba, J00 hadi J99 ni sura ya mfumo wa upumuaji: pumu imo, J45, na nimonia ambayo kimelea chake hakijulikani, J18.9. Lakini kifua kikuu cha mapafu kiko kwenye maambukizi: A15 kipimo kikithibitisha, A16 kisipothibitisha. Saratani ya mapafu ni C34. UVIKO-19 uliothibitishwa ni U07.1. Na kikohozi? Hicho ni dalili tu, R05. Ukikiandika peke yake wakati daktari ameshathibitisha nimonia (kosa linaloudhi kuliko yote), umeuficha ugonjwa wenyewe.