Presha ya Msimu: Maswali na Majibu Kuhusu Familia, Kazi na Afya Kusini

Maswali haya yameulizwa na kina mama wa kliniki, vijana wa bodaboda, wakulima na wazee wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa kifupi, kadiri yalivyohitaji.

Dokta, mnasema presha inaletwa na chumvi na unene. Mimi ni mwembamba, chumvi nimepunguza, bado ipo juu. Kwa nini?

Chumvi, unene, umri na urithi wa ukoo vyote vina nafasi yake, usiviache. Lakini kuna jambo ambalo kadi ya kliniki haina mahali pa kuliandika: maisha unayoishi nyumbani na kazini. Ukiwa na hofu au hasira, mwili unatoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, sukari inapanda kwenye damu. Tembo akiingia shambani, hali hiyo inakusaidia kukimbia. Ikidumu miezi, usingizi unakatika, mishipa inachoka na presha inagoma kushuka.

Mwaka 1967 watafiti wa London walianza kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali ya Uingereza. Wote walikuwa na ofisi, mshahara na matibabu. Hata hivyo wa vyeo vya chini walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko mabosi wao, na hata sigara, lehemu (kolesteroli) na presha zilipohesabiwa, pengo lilibaki. Utafiti wa pili wa timu ya Michael Marmot, ulioanza mwaka 1985 ukihusisha wanaume na wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha sababu mojawapo kubwa: mtu kukosa kauli juu ya kazi anayoifanya.

Hilo nitalirudia, kwa sababu huku kwetu nalikuta karibu kila nyumba. Anayechoka ni mmoja, anayeamua ni mwingine.

Mimi na mume wangu tunalima korosho. Msimu ukiisha nabaki na mgongo, kichwa kinagonga, usingizi sipati. Ni kazi nyingi tu?

Tuanze na kazi yenyewe, maana watu wanaitaja harakaharaka. Kuanzia Oktoba mama yuko chini ya mikorosho jua halijawa kali. Anainama, anaokota bibo (tunda la mkorosho) lililodondoka, analinyonga korosho itoke, anaitupa kwenye ndoo, anapiga hatua mbili, anainama tena. Mchana anaanika na kuchambua. Jioni anachota maji na kupika. Kisha gunia linapakiwa kwenye pikipiki kwenda chama cha msingi cha ushirika, linapanda mzani, na stakabadhi inaandikwa jina la baba. Baada ya mnada pesa inaingia akaunti ya baba. Bei, mama anaisikia kwa majirani.

Mama yangu, uchovu wa kuinama mtu akilala unapungua. Kinachokuamsha saa nane za usiku ni hesabu usizoruhusiwa kuzijua: deni la duka limelipwa? Sare za shule zimo? Chakula kitafika Machi?

Ushauri wangu wa kwanza kwa hiyo si dawa. Kaeni kikao kabla ya msimu, pesa ikiwa haijafika, kwa sababu ikishafika kila mtu anakuwa na la kwake. Andikeni kwenye daftari, kwa mpangilio huu: madeni, chakula cha hadi mavuno yajayo, shule, salfa ya kupulizia mikorosho mwaka unaofuata, na fungu ambalo mama anatumia bila kuomba ruhusa. Kama una mikorosho yako mwenyewe, ya urithi au ya kununua, jiunge na chama kwa jina lako. Kungwi anamfundisha mwali mambo mengi ya ndoa. Natamani hili la daftari nalo liingie humo.

Nyumba isiyoongea ndiyo inayotoa korosho usiku kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa. Mama anatafuta za mkononi, baba anatafuta za kulipa deni, kila mmoja kwa siri. Kangomba imekatazwa na inampunja mkulima. Mimi naiona pia kama dalili ya ugonjwa wa nyumbani.

Sasa mgongo. Chuchumaa badala ya kuinama kwa kiuno, badilisha mkono, na pumzika kila ndoo inapojaa. Usimeze diklofenaki za dukani kila siku. Dawa za jamii hiyo zinapandisha presha, zinaumiza figo na zinaweza kutoboa tumbo. Nimeona kina mama wakizidishiwa dawa za presha huku kinachoipandisha kimefungwa kwenye pindo la kanga.

Mbona lawama ni kwetu wanaume? Na sisi tunabeba mengi.

Mnabeba, na mnabeba kimya. Msimu wa 2018/2019 serikali ilipochukua ununuzi wa korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wako wakulima waliongoja malipo kwa miezi. Baba ana wadai mlangoni na hajui pesa itaingia lini. Kungoja bila kujua mwisho ni mzigo mzito kwa mwili sawa na kazi ngumu, na wanaume wengi hawausemi. Unatokea kwa njia nyingine: ukali kwa watoto, kurudi usiku wa manane, uraka na nipa, pombe za mabibo. Pombe inaleta usingizi wa mapema kisha inauvunja alfajiri, na inapandisha presha.

Ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya chochote, huli vizuri, hulali, au unaona kufa ni afadhali, hiyo ni sonona. Inatibika. Nenda kituo cha afya na useme hivyohivyo, usimwambie mhudumu una malaria. Wazo la kujiua likija, usikae peke yako hata usiku mmoja. Mwambie ndugu akusindikize siku hiyohiyo, na dawa za shambani ziondolewe nyumbani.

Mke wangu amejifungua Novemba, katikati ya mavuno. Arudi shambani lini?

Sheria ya ajira inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mkulima hana mwajiri wa kumpa, kwa hiyo likizo yake inatoka kwa watu wa nyumbani: wewe, mama mkwe, dada zake. Wiki sita za kwanza asibebe ndoo wala gunia, na baada ya hapo mtoto awe karibu naye anyonye kila akitaka, maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita.

Kina baba wengi hawajui kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Akilia bila sababu, akimkataa mtoto au akisema hana faida, usimwambie ajikaze. Mpeleke kliniki.

Tukigombana mbele ya watoto, si watasahau?

Akili inaweza kusahau, lakini mwili wa mtoto unaozoea hofu unakua na homoni zake zikiwa juu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, kwa watu wazima zaidi ya 9,500 wa California, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mengi utotoni, kama kipigo, matusi au ulevi nyumbani, ndivyo alivyokuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo, ulevi na sonona ukubwani.

Habari njema ni kwamba mtu mzima mmoja anayeaminika, asiyebadilika, anamkinga mtoto sana. Huku kusini mtu huyo tunaye tayari. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Mjomba mwenye kuwasikiliza wapwa zake ni tiba. Kama mtoto anaumizwa, simu ya 116 ni ya bure, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi.

Na wakati wa salfa watoto wasiingie shambani, hata kubeba maji tu. Lile vumbi linaunguza macho na kubana kifua.

Natoka na bodaboda saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa tatu usiku, siku zote. Nina miaka 24, nitaumwa nini?

Piga hesabu, kaka: saa 105 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walionyesha mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kabla ya kiharusi kuna ajali ya kusinzia. Anza na siku moja ya kupumzika, na ule nyumbani angalau mlo mmoja kwa siku.

Mzee wetu amegawa mikorosho kwa wanawe, sasa amekaa tu na amedhoofika. Ni uzee?

Mpimeni kwanza presha, sukari, macho na masikio. Asiyesikia huacha kukaa na watu. Vikiwa sawa, jiulizeni nani bado anamtaka shauri. Watafiti wa Harvard wamewafuatilia wanaume wa Boston tangu 1938, na wakakuta kwamba kuridhika na mahusiano katika umri wa miaka 50 kulitabiri afya ya miaka 80 vizuri kuliko kiwango cha lehemu. Basi msimpokonye mzee vyote. Abaki na miti yake michache, aulizwe siku ya kupuliza, apelekwe barazani kwenye bao. Kumgawia chakula chumbani peke yake ni kumdhuru, hata kama nyama imejaa sahani.

Mama yangu ana miaka 63 na analea wajukuu watano. Anasema hachoki. Tumwamini?

Hapana. Ndoa ikivunjika watoto hubaki upande wa mama, na mara nyingi maana yake ni bibi. Utamkuta amekaa uani anabangua korosho kwa mkono apate hela ya madaftari, vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda, ambayo yanaunguza ngozi kama tindikali. Wajukuu wanampa furaha na sababu ya kuamka, hilo ni kweli na lina faida kwa afya yake. Kinachomwumiza ni kwamba hakuulizwa: watoto walishushwa kwenye basi na mfuko wa nguo.

Kaeni ndugu wote, hata kwa simu, mgawane kwa majina: nani analipa shule, nani anatuma hela ya chakula na tarehe gani, nani anawachukua wajukuu likizo ya Desemba ili bibi apumzike. Mnunulieni glavu za kubangulia. Mpelekeni apimwe presha. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, aanze kuhudhuria kliniki. Kama hana uwezo, ofisi ya kijiji na ustawi wa jamii hospitalini ndiko mnakouliza habari za msamaha wa gharama kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea. Na mkimpigia, msianze na "watoto hawajambo?" Anzeni na "shikamoo mama, umelala?" kisha mngoje ajibu.